NEPI ZA KITAMBAA KWA WATU WAZIMA: KUCHAGUA, KUKUNJA NA KUFUA

Mada ya leo najua wapo watakaoguna na wapo watakaocheka. Chekeni tu, ila msifunge ukurasa. Na wewe uliyekaa kwenye kompyuta ya pembeni kule kafe, umeigeuza skrini ili jirani asione unasoma nini, kaa kwa amani. Mada hii ni yako.

Nazungumzia nepi za watu wazima. Tena siyo zile za kuvaa na kutupa ambazo wote tunaziita pampasi hata kama siyo. Nazungumzia za kitambaa, zinazovaliwa, zinafuliwa, zinaanikwa na kuvaliwa tena. Bibi zetu walikuwa na neno lake, winda, na walijua kulipiga. Sisi tumelisahau, matokeo yake mtu mzima akianza kuvujwa na mkojo anakuta hakuna wa kumuuliza.

NANI ANAZIVAA?

Ukitaja nepi kwa mtu mzima wengi wanapata picha ya mgonjwa mahututi kitandani. Kumbe wengi wanaozihitaji wanatembea, wanafanya kazi, wanapanda daladala kama mimi na wewe. Kuna mama aliyejifungua kwa uchungu wa muda mrefu. Kuna mzee aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume. Kuna mwenye kisukari kilichoharibu neva za kibofu, na aliyepata kiharusi. Kuna kijana aliyeumia uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda. Kuna waliozaliwa na mgongo wazi ambao sasa ni wakubwa na wanasoma vyuo. Na kuna wale wenye afya zao kabisa ila usiku usingizi ukikolea, godoro linalowa.

Hawa watu huwasikii. Wanachofanya ni kupunguza maisha. Kwanza wanaacha safari ndefu. Halafu harusi na misiba. Halafu wanaacha kunywa maji, halafu kazi au chuo. Mwisho unaambiwa tu "siku hizi fulani hatoki". Kwa hiyo tusidhani tunaongelea kipande cha kitambaa. Tunaongelea mtu kutoka nyumbani kwake au kutotoka.

Mimi nimeijua mada hii kwa mikono. Baada ya kumaliza kidato cha nne nilibaki nyumbani na babu yangu, ambaye alipata kiharusi. Mguu ulirudi, mkono ulirudi, kibofu hakikurudi. Aliyetufundisha ni mama mmoja jirani, nesi mstaafu, na kazi ya kufua ikawa yangu. Ninayoandika hapa ndiyo tunayofanya kila siku.

KWA NINI KITAMBAA?

Nenda duka la dawa la mtaani kwenu uulize bei ya nepi moja ya kutupa ya mtu mzima. Zidisha kwa 4 kwa siku, halafu kwa 30. Tuseme kwa mfano tu kipande ni shilingi 1,500. Hiyo ni 6,000 kwa siku, na 180,000 kwa mwezi. Familia nyingi haziwezi, kwa hiyo kinachotokea ni mtu kuvaa kipande kimoja kutwa nzima, au kukianika na kukivaa tena. Hapo ndipo ngozi inapoharibika.

Sisemi za kutupa ni mbaya. Kwa safari ya basi ya kutwa, au ukilazwa hospitali, zinasaidia sana. Ila kwa matumizi ya kila siku nyumbani, kitambaa kinakaa miaka na gharama yake kubwa ni mara moja. Baada ya hapo ni sabuni, maji na jasho lako.

ANZA NA BESENI, SIYO DUKA

Siri yenyewe ndiyo hii, na ukiishika mengine yote yanakuwa rahisi. Watu wengi wakichagua nepi wanauliza "itanyonya kiasi gani?" Swali zuri, ila ni la pili. La kwanza ni "nitaifuaje, na itakauka lini?"

Ukimwambia fundi akushonee nepi nene yenye tabaka kumi za taulo, itanyonya kweli. Lakini ifue kwa mkono uone. Katikati sabuni haifiki, na ikifika haitoki. Ukiianika mwezi wa nne, masika imekolea, itachukua siku mbili tatu na itatoa harufu kabla hujaivaa. Wenye mashine ya kufulia na ya kukaushia wanaweza kuvaa nepi nene za kushonwa. Sisi wa beseni na kamba tunahitaji kitu kingine: kitambaa kikubwa, chepesi, cha tabaka moja, ambacho unene wake unatokana na kukunja. Kikikunjwa ni nene. Kikifunguliwa ni kama shuka, kinafulika chote na kinakauka kwa saa chache.

Ndiyo maana nashauri nepi bapa ya mraba, na kitambaa kingine kidogo cha kuweka kati. Nitaviita hivyo hivyo: nepi na kitambaa cha kati.

KITAMBAA GANI?

Pamba. Ukisahau yote kumbuka pamba. Polyester haipendi maji, yanateleza juu yake na kutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni pajani.

Lakini dukani utaambiwa "hii pamba tupu" hata kama sivyo. Vipimo viwili vitakusaidia:

1. Tone la maji. Dondosha tone juu ya kitambaa. Likizama haraka, kinanyonya. Likikaa juu kama ushanga, ama siyo pamba ama bado kina wanga na mafuta ya kiwandani. Pamba mpya inafuliwa kwa maji ya moto mara tatu nne kabla ya kuvaliwa, ndipo inaanza kunyonya vizuri.

2. Uzi na moto. Chomoa nyuzi mbili, zishike kwa koleo au kibanio juu ya beseni la maji, zichome. Pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, na majivu yake ni laini. Polyester inayeyuka na kuacha kijidonge kigumu. Usishike kwa vidole, plastiki iliyoyeyuka inaunguza.

Vitambaa vinavyofaa:

Marekani. Ile pamba nyeupe ya kawaida isiyo na maua. Ikishafuliwa mara kadhaa inalainika na kunyonya. Inafaa kwa nepi yenyewe.

Kanga kuukuu. Ikiwa ni ya pamba kweli, maana siku hizi zipo za polyester. Kanga ina upana wa kama sentimeta 110 na urefu wa kama 150. Ukikunja sentimeta 40 upande mmoja unabaki na mraba wa 110 kwa 110. Kwa kuwa ni nyembamba, weka doti nzima, yaani mbili pamoja. Jina la kanga geuza ndani, watu wasikusome.

Flaneli. Ile yenye manyoya mafupi laini inayotumika kwa nguo za watoto wachanga. Ni laini sana kwenye ngozi na inanyonya vizuri. Hakikisha ni ya pamba.

Taulo. Hii ndiyo ya kitambaa cha kati. Kwenye mitumba tafuta taulo za pamba zilizochakaa kidogo, nyembamba. Taulo nene jipya linavutia macho, ila utalijutia kwenye kamba. Kata vipande vya upana wa sentimeta 30 na urefu wa 60, pindo zishonwe zisichanike.

Fulana za pamba. Zikikatwa vipande ni nzuri kwa tabaka ya juu inayogusa ngozi, au kwa kufutia.

Vya kuacha: kitenge chenye nta, satini, shuka zinazoteleza, na kitambaa chochote kilicholoweshwa kwenye dawa ya kulainisha nguo mpaka kimekuwa kama hariri.

Ukishakusanya, pima unyonyaji. Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Kunja nepi na kitambaa cha kati kama utakavyovaa, weka kwenye beseni tupu, mimina maji polepole katikati. Kibofu cha mtu mzima kikijaa kinabeba kama mililita 300 mpaka 500, kwa hiyo nusu lita ni kipimo kizuri cha mkojo mmoja wa nguvu. Kandamiza kwa kiganja. Kama maji yanachuruzika chini, ongeza kitambaa cha kati. Usiongeze unene kila mahali.

UKUBWA NA IDADI

Nepi ya kitoto ni mraba wa sentimeta 60. Usijaribu kuunga mbili. Chukua tepu ya fundi, pima mzunguko wa makalio pale palipo panene zaidi, ongeza sentimeta 10. Hicho ndicho kipimo cha kila upande wa mraba. Mwenye 85 atakata 95 kwa 95. Mwenye 100 atakata 110 kwa 110. Mwenye 120 atakata 130 kwa 130.

Idadi: mchana badili kila baada ya saa tatu au nne, na mara moja ikichafuka kwa choo. Kwa hiyo ni kama tano au sita kwa siku pamoja na ya usiku. Ukifua kila siku, 12 zinatosha: sita mwilini na sita kwenye kamba. Wakati wa masika, 18 zitakupa usingizi. Huna lazima ya kununua zote leo. Anza na sita za usiku na asubuhi, uongeze taratibu.

KUKUNJA

Kosa la wengi ni kukunja nepi iwe na unene sawa kila mahali. Mkojo hautoki kila mahali. Mwanaume unatoka mbele, kwa hiyo unene uwe mbele. Mwanamke aliyekaa au kusimama, unene uwe katikati. Aliyelala chali, mkojo unakimbilia nyuma, peleka unene nyuma. Aliyelala ubavu, unakimbilia ubavuni, kwa hiyo kitambaa cha kati kisogezwe upande anaolalia. Kwa maana hiyo mkunjo wa mchana na wa usiku wa mtu yule yule haufanani.

Mkunjo wa kwanza: pembetatu

Huu ndio mwepesi kujifunza.
- Tandaza mraba kitandani, kunja kona kwa kona upate pembetatu. Upande mrefu uwe juu, kiunoni.
- Weka kitambaa cha kati kuanzia juu kushuka kwenye ncha.
- Kaa au lala juu yake. Ncha ipitishe katikati ya miguu mpaka tumboni.
- Leta kona ya kulia na ya kushoto juu ya ncha, funga kwa pini moja kubwa au mbili.

Ubaya wake unajazana mapajani. Kwa kulala hauna shida, kwa kutembea mjini unakera.

Mkunjo wa pili: kishada

Huu ndio wa kutokea. Una umbo la kishada cha kurusha, mpana nyuma na mwembamba katikati ya miguu.
- Tandaza mraba ukae kama almasi, kona moja ikikuelekea.
- Kutoka kona hiyo ya chini, kunja upande wa kushoto mpaka mstari wa katikati, kisha wa kulia hivyo hivyo. Sasa una kishada, ncha kali chini.
- Kona ya juu ikunje kuja chini, upate mstari ulionyooka. Hapo ni kiunoni nyuma.
- Ncha ya chini ikunje kwenda juu, kama sentimeta 30 mpaka 35. Hapo ni mbele.
- Weka kitambaa cha kati pale unapohitaji unene, vaa, funga pini kila upande.

Kwa mraba wa 110 utapata upana wa kama sentimeta 90 nyuma na kama 30 mbele. Ukijumlisha ni 120, inamzunguka mtu wa makalio 100 na kubaki nafasi ya kupishana pale pa pini.

Mkunjo wa tatu: mstatili

Huu hauna pini kabisa. Kunja mraba mara nne kwa urefu upate mkanda wa upana wa kama sentimeta 27. Kisha kunja ncha moja sentimeta 30 kurudi juu yake, hapo panakuwa na tabaka nane. Upande huo mnene uende mbele kwa mwanaume, katikati kwa mwanamke. Unashikwa na chupi ya kubana na kifuniko juu yake. Ni mzuri kwa kazini au chuoni, maana unabadili chooni umesimama kama mtu anavyobadili pedi. Ila hautoshi kwa anayevuja sana au usiku.

Kuhusu pini: tumia zile kubwa za nepi zenye kichwa kinachofunika ncha. Ingiza vidole vyako kati ya pini na mwili, ili ikiteleza ikuchome wewe anayevalisha. Pini ikigoma kupenya, ichomeke kwanza kwenye kipande cha sabuni kikavu, itateleza kama kwenye siagi. Asiyehisi miguu kwa sababu ya uti wa mgongo asitumie pini kabisa, hatajua ikimchoma. Mshonee kamba za kufunga au vifungo vya kubonyeza.

KIFUNIKO CHA JUU

Nepi inanyonya, haizuii. Inayozuia ni kifuniko, yaani ile chupi ya plastiki au ya nailoni isiyopitisha maji. Cha nailoni au kile chenye kitambaa nje na utando mwembamba ndani ni bora kuliko plastiki nene, hakipigi kelele chaka-chaka na hakiunguzi sana. Ukikosa cha kununua, fundi anaweza kushona kutoka kitambaa cha koti la mvua, lastiki kiunoni na mapajani. Lastiki ishike bila kuacha alama nyekundu ya kina.

Hapa pana jambo moja linalowashinda wengi. Umevaa vizuri, nepi haijajaa, lakini suruali imelowa. Kwa nini? Angalia pindo za mapajani. Pamba ikichungulia nje ya lastiki hata kidole kimoja, inafanya kazi ya utambi wa kibatari: inavuta maji kutoka ndani na kuyaleta nje. Kila ukivaa, zungusha kidole kwenye mapaja na kiuno, sukuma kila uzi ndani. Sekunde ishirini tu.

Na tafadhali, usifunge mfuko wa plastiki mwilini kwa gundi ya karatasi. Ngozi inachemka mle ndani.

KUFUA

Hapa ndipo nepi inapopona au kufa.

1. Choo kigumu kidondoshe chooni kwanza. Nepi ya mkojo isuuze mara moja, kamua, iweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Usiiache ikae siku mbili. Bakteria wanaivunja yurea ya mkojo kuwa amonia, ndiyo ile harufu inayochoma macho, na amonia hiyo hiyo inaunguza ngozi.

2. Anza na maji ya baridi. Maji ya moto yakikutana na choo au damu yanalipika doa likang'ang'ania.

3. Kisha maji ya moto na sabuni ya unga. Loweka nusu saa, fikicha, hasa pale katikati. Vaa glavu ukiweza, na osha mikono kwa sabuni baadaye.

4. Suuza mpaka povu liishe kabisa. Kama maji ya tatu bado yana povu, suuza ya nne. Sabuni iliyobaki inawasha na kuzuia kunyonya.

5. Anika juani, itandazwe tabaka moja. Jua linakausha, linaua vijidudu na linafifisha madoa. Vifuniko vya plastiki au nailoni vifue kwa maji ya vuguvugu na vianikwe kivulini, jua kali linavipasua.

6. Piga pasi, hata ya mkaa. Siyo urembo. Yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, hasa kivulini na zenye unyevu, na funza wake anaingia kwenye ngozi na kufanya jipu. Joto la pasi linaua mayai. Vifuniko usivipige pasi, vitayeyuka. Vianike ndani na uvifute kwa kitambaa kikavu.

Wa mitaa yenye visima vya maji ya chumvi mnisikilize. Sabuni ya mche ikikutana na maji magumu inafanya ukoko mweupe unaoganda kwenye nyuzi, na baada ya wiki kadhaa nepi inakuwa ngumu kama turubai na hainyonyi. Tumia sabuni ya unga, na maji ya mvua ukiyapata yaweke kwa suuza ya mwisho.

Sasa jiki. Naomba hii msome mara mbili. USIMWAGE JIKI KWENYE NEPI YENYE MKOJO, wala ndoo iliyokaa na mkojo. Jiki ikikutana na amonia inatoa gesi inayoumiza mapafu, na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha ni hatari kweli. Usiichanganye na siki pia. Ukitaka kuitumia baada ya ugonjwa wa kuhara, iwe kidogo, kwenye nepi iliyokwisha kufuliwa na kusuuzwa, mahali penye hewa, kisha usuuze tena. Siyo kila siku, inakula pamba na lastiki.

Dawa ya kulainisha nguo usitumie kabisa. Inazipaka nyuzi utando na kuzuia maji kuingia. Nepi ikiwa ngumu baada ya kukauka, ifikiche mikononi au ipige pasi.

Nepi ikianza kunuka mara tu ikilowa, japo imefuliwa, ujue ndani kuna mabaki. Ichemshe kwenye sufuria ya kazi hiyo tu, maji matupu, dakika kumi, suuza, anika juani. Mara nyingi inarudi.

NGOZI

Kila ukibadili, osha kwa maji, futa kwa kubonyeza siyo kusugua, acha ipigwe na hewa dakika chache. Mafuta ya kujipaka au ya nazi paka kidogo sana, halafu weka kipande cha fulana juu ya nepi. Mafuta yakiingia kwenye pamba, tone la maji litakaa juu kama ushanga, unakumbuka. Ukiona wekundu wenye vipele vidogo pembeni, au kidonda, au ngozi nyeusi isiyorudi rangi ukibonyeza, nenda zahanati. Usisubiri.

Na mnywe maji. Ukijinyima maji mkojo unakuwa mkali, unanuka zaidi na unaunguza zaidi. Yaani unavuja kile kile, ila kibaya zaidi.

KUTOKA

Begi la kutokea: nepi mbili zilizokunjwa tayari na kitambaa chake cha kati, kifuniko kimoja cha akiba, mfuko wenye zipu usiopitisha maji kwa ajili ya iliyolowa, chupa ndogo ya maji, kipande cha fulana. Suruali namba moja zaidi ya kawaida yako, au gauni pana, rangi nyeusi au ya maua. Badili kabla ya kutoka hata kama ni kavu. Babu yangu anatumia mkunjo wa kishada, anavaa kanzu, na bao anacheza barazani kwa wenzake mpaka jioni. Wanaojua ni sisi wa nyumbani. Na ninyi sasa, lakini hammfahamu.

Unayemvalisha mzazi au babu, jambo moja la heshima. Usitangaze. "Babu, twende ndani kidogo" inatosha. Funga mlango, mfunike kanga kiunoni wakati unabadili, na mwache afanye mwenyewe anachoweza hata kama anachelewa.

LAKINI KWANZA HOSPITALI

Nepi haitibu. Wengi wanavaa miaka kwa tatizo lenye dawa. Ukianza kuvuja ghafla, ukiona damu, maumivu, homa, miguu kufa ganzi, au mkojo kutoka matone matone huku tumbo limejaa, nenda hospitali.

Na dada aliyeanza kuvuja mkojo mfululizo baada ya uchungu wa muda mrefu, pengine mtoto akafariki: hiyo inaweza kuwa fistula, tundu kati ya kibofu na uke. Siyo laana, siyo uchafu, wala hakurogwa. Inatibika kwa upasuaji. Hapa Tanzania CCBRT ya Dar es Salaam imejulikana miaka mingi kwa kuitibu bila malipo. Addis Ababa kuna hospitali ya fistula iliyofunguliwa mwaka 1974 na madaktari Catherine na Reginald Hamlin, na Bukavu ipo Panzi ya Daktari Denis Mukwege, aliyepata Nobel ya Amani mwaka 2018. Umoja wa Mataifa umeitengea fistula siku yake, tarehe 23 Mei, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2013. Kwa hiyo ukimjua dada wa hivyo kijijini, mkunjo wa kishada umfundishe leo ili apande basi, na basi lenyewe liwe la kwenda hospitali.

Haya wadau, naomba kuwasilisha. Mwenye swali aliweke kwenye maoni hapo chini, hata bila jina, hapa hakuna anayemsaka mtu. Na kama mitaa ya kwenu kuna fundi anayeshona vifuniko vizuri, andikeni mtaa na bei. Wapo watu wanasubiri jibu hilo.

Tuko pamoja.